Sabuni ya maji ya mtungi wa lita 20: tathmini ya mwangalizi wa mtambo wa maji taka

Kwa miezi mitatu sasa, jengo letu la nyumba 24 huku Kahawa Sukari limekuwa likitumia sabuni ya maji inayouzwa kwa mtungi katika duka dogo la kemikali katikati ya jiji la Nairobi. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeangalia mtambo wa maji taka wa jengo hili, ninaipima kwa kigezo ambacho wanunuzi wengi hawakifikirii, yaani jinsi inavyooza (inavyovunjwavunjwa na bakteria) baada ya kumwagwa kwenye sinki.

Kuhusu usafi sina mengi. Sufuria za mafuta zinatakata na mikono haichubuki. Ni nyepesi, jambo lililowafanya majirani kadhaa kudhani imeongezwa maji, ilhali uzito wa sabuni ya aina hii huletwa kwa kiasi kikubwa na chumvi ya kawaida inayokorogewa ndani yake, wala si kipimo cha nguvu ya kuosha.

Kilichonifanya nirudi dukani ni jibu la muuzaji nilipomuuliza ametumia kemikali gani ya kuosha: alinieleza bila kusita kwamba ameweka Ungerol na kuacha Ufacid. Wanaotengeneza sabuni mjini wanayajua majina hayo, lakini ni wachache wanaoeleza tofauti yake kwenye maji taka. Ufacid ni asidi ya salfoniki yenye mnyororo wa kaboni ulioshikana na pete ya benzini. Bakteria huuanza mnyororo huo kwenye ncha yake kwa kuingiza oksijeni, kisha huumega kaboni mbilimbili hadi waifikie pete na kuipasua. Bila hewa hatua ile ya kwanza hukwama, na sehemu kubwa ya kemikali hubaki imenata kwenye tope. Ungerol, kwa upande wake, ina viungo vya salfeti na etha ambavyo vimeng'enya vya bakteria huweza kuvikata, hivyo huoza hata pasipo hewa. Afadhali zote mbili kuliko safaktanti (kemikali za kuosha) za zamani zenye minyororo ya matawi, ambazo bakteria walizishindwa hata mito ya Ulaya na Marekani ikajaa povu, mpaka Ujerumani Magharibi ikatunga sheria mwaka 1961 na viwanda vya Marekani vikabadilisha kemikali kufikia 1965.

Kwetu tofauti hiyo huonekana stima inapopotea na kipuliza hewa cha mtambo kikazima. Kwa sabuni ya awali, kipuliza kiliporudi kufanya kazi, povu lilipanda hadi likafurika nje ya tangi. Siku hizi halizidi shibiri moja na hutulia kabla ya jioni. Mwenye bayodaijesta, yaani tangi la kuozeshea taka ambamo hewa ni haba, ana sababu kubwa zaidi ya kuuliza swali nililouliza, kwa maana maneno "inaoza kwa urahisi" kwa kawaida hutegemea jaribio la siku 28 linalofanywa penye oksijeni ya kutosha.

Nina lalamiko moja, nalo ni zito: mtungi hauna lebo. Nimemwomba muuzaji aandike viungo na tarehe ya kutengenezwa. Mtungi wa mwisho ulikuja na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, lakini viungo bado ananitajia kwa mdomo.