Fondanti ya ndoo na pasi yake, nimeshatumia kwenye keki nne

Nianze na keki ya kwanza maana ndo iliyonitia aibu. Desemba iliyopita, kipaimara cha mtoto wa wifi yangu hapa Moshi, na Desemba ya Moshi mnaijua, watu wote wamerudi nyumbani, joto kali, kila geti lina turubai. Mi nilishazoea keki za krimu tu, wifi akanitumia picha ya keki nyeupe imenyooka kama sahani, wifi nataka hii, nami kwa kiherehere changu nikasema inawezekana. Nikaenda duka la vitu vya keki mjini nikachukua fondanti nyeupe, lile donge la sukari la kufunikia keki, ya ndoo kilo 1 kwa elfu 16, na kile kidude cha plastiki cha kulainishia, muuzaji anakiita smuza, mi nakiita pasi maana kinafanana na pasi na kazi ndo hiyohiyo.

Jamani. Nilimwaga aising shuga mezani kama nasukuma chapati, nikapima upana wa juu wa keki tu, kuivalisha haikufika chini, nikaivuta, ikachanika palepale kwenye kona. Ile mikunjo ya nyuma ilikuwa kama sketi ya marinda ya shule ya msingi. Tukaigeuzia ukutani, picha zikapigwa za mbele tu.

Nikarudi dukani na mdomo wangu najua nimepigwa, yule dada akaniuliza swali moja, keki ilikuwa inchi ngapi na kimo je? Kumbe unajumlisha upana na kimo cha pande zote mbili, keki ya inchi 8 yenye kimo cha inchi 4 ni 4 na 8 na 4, inakuwa 16, unaongeza kidogo ya kukata, kwa hiyo duara lako liwe kama inchi 18. Kwa unene wa milimita 4 hivi ndoo moja inatosha na kipande kinabaki cha maua.

Mnyonge mnyongeni, fondanti yenyewe ni nzuri. Ukiikanda mpaka ipate joto la mkono inavutika haikatiki, na ikianza kupasukapasuka kama kisigino cha kiangazi unapaka Kimbo kidogo mikononi unakanda tena inarudi. Siku hizi nasukumia kwa konfulawa kidogo, na sivuti kabisa, naufungua mkunjo kwa mkono mmoja huku mwingine unabonyeza kutoka juu kushuka chini, taratibu, ndo pasi inafuata. Kapovu ka hewa natoboa na sindano. Pasi haina maajabu lakini ya elfu 5 hiyo sijajuta, viganja vinaacha alama za vidole, yenyewe haiachi.

Ila msidanganyike eti fondanti inaficha. Haifichi kitu! Keki ikiwa na kichuguu juu, kichuguu kitaonekana. Kata iwe sawa, paka krimu nyembamba ya kushika chenga, weka friji mpaka ikaze, paka tena, hapo ndo uvalishe. Na ukishavalisha ukairudisha friji, ukiitoa kwenye joto la huku itatoka jasho inang'aa kama imelia, usiiguse, washa feni iache ikauke yenyewe.

Mteja wangu mmoja Muislamu aliniuliza gelatini ya humo ni ya mnyama gani, nikasoma ndoo, hii niliyonunua ina sukari, glukosi, mafuta ya mawese na glisarini, gelatini haimo. Someni na nyie ya kwenu maana zinatofautiana.

Malalamiko yangu ni mawili. Kifuniko hakibani, wiki tu juu ikaota gamba gumu nikatupa kama robo. Halafu ladha, ni utamu mtupu, watoto wanaigombania ila wazee hapana, baba mkwe aliimenya yote akaiweka pembeni ya sahani kama ganda la ndizi, akala keki ya ndani na chai.

Kwa sherehe ya picha nyingi nitanunua tena, kwa besidei ya nyumbani napaka krimu yangu. Jumamosi nina ya sendofu ya ghorofa mbili, ndoo zipo ndani tayari, safari hii fondanti ya kila ndoo nimeiviringishia nailoni kabla ya kifuniko.