Mimea Hai ya Tangi la Samaki: Duka Moja la Mwanjelwa

Kwa mwaka mmoja na nusu sasa nimekuwa mteja wa duka dogo la samaki wa mapambo lililo karibu na soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, na kinachonirudisha pale si samaki bali mimea. Mimea hiyo ni hai, na huwekwa katika matangi ya kioo ikiwa imezama kabisa. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwani mimea mingi ya akwariamu hukuzwa shambani majani yakiwa nje ya maji. Ikizamishwa, hupukutisha majani yale ya awali kabla ya kuota mengine yanayofaa majini, na mnunuzi asiyejua huidhania imekufa akaitupa. Iliyokwisha kuzoea dukani haikupi wasiwasi huo.

Nilianza na anubiasi, mmea wenye asili ya Afrika Magharibi na ya Kati, ambao majani yake ni magumu kiasi kwamba hata samaki wanaokula majani huuacha. Shina lake ni nene na hutambaa mfano wa tangawizi. Mwenye duka aliutoa majini, akaugeuza kiganjani ili nione mizizi myeupe ikining'inia upande wa chini, akaniambia, "Mama, mizizi hata ukiifukia sawa, ila hili shina ukilifukia umeliua." Nilikwenda kuufunga juu ya jiwe kwa uzi wa pamba, na baada ya miezi miwili uzi ulikuwa umeoza huku mizizi imelikumbatia jiwe barabara. Hukua taratibu mno, na kwa sababu hiyo haustahili taa kali. Ukiumulika kutwa nzima, mwani, ule utando wa kijani uotao majini, hutanda juu ya majani. Mimi huiacha taa ikiwaka kwa muda wa saa saba tu kwa siku.

Mmea wa pili ni valisineria, wenye majani marefu kama utepe, ambao jamii yake huota hata katika Ziwa Nyasa. Hutoa machipukizi pembeni kama mgomba, na miche mitatu niliyonunua imekwisha kujaza upande mzima wa nyuma wa tangi langu.

Anayefuga samaki Mbeya hana budi kufikiria baridi pia. Tuko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai kipimajoto cha tangi langu lisilo na hita kilisoma nyuzi 18 alfajiri. Anubiasi ilisimama kukua bila kufa. Seratofilamu, ule mmea usio na mizizi unaoelea kama mkia wa paka, uliendelea kurefuka, na ndio ninaompendekezea anayeanza, kwa kuwa hufyonza virutubisho ambavyo mwani ungevitumia.

Duka hili lina kasoro ambayo siwezi kuinyamazia. Ndani ya matangi yale yale huuzwa pia ile inayoitwa mianzi ya bahati, ambayo si mianzi wala si mmea wa majini, bali ni dracaena, mmea wa nchi kavu. Mizizi yake huvumilia maji, lakini majani lazima yawe nje. Niliuzamisha kama nilivyouziwa. Baada ya majuma machache shina liligeuka manjano, likalainika hadi kubonyea kwa kidole, na maji yakaanza kunuka. Nilipourudisha nilibadilishiwa bila ubishi, na hilo nalishukuru, ila mingine bado imo tangini ikisubiri mteja mwingine. Inaniuma, maana anayepoteza samaki kwa maji kuchafuka namna hiyo mara nyingi hukata tamaa na ufugaji wenyewe.

Kabla ya kulipa, geuza kila jani utazame chini yake, maana mayai ya konokono hunata pale kama tone la ute. Ukifika nyumbani, iweke mimea kwenye ndoo ya maji kwa wiki mbili kabla ya kuiingiza tangini. Maji ya bomba nayo yaache wazi siku nzima ili klorini, ile dawa ya kusafishia maji, ipungue.

Dukani utafungiwa mimea ndani ya gazeti lililoloweshwa, jambo linalotosha kabisa kwa safari ya hadi Uyole au Tukuyu, lakini nenda na kopo lako lenye mfuniko ili majani ya valisineria yasivunjike kwenye daladala.