TAHADHARI: Fuawe "za Mwingereza" zinazouzwa Dar, pimeni kabla hamjatoa hela

Wakuu, kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mafundi hapa Dar akiuza fuawe za mtumba (chuma kizito anachofulia mhunzi kwa nyundo). Anadai zote ni za Uingereza, za enzi za mkoloni, zimetoka kwenye karakana ya zamani ya reli. Simtaji kwa sababu suala liko polisi, ila mchezo wake naueleza wote.

Fuawe yenyewe ni nyeusi, rangi mpya inang'aa, imefungwa kwa minyororo juu ya gogo. Ubavuni imeandikwa PETER WRIGHT PATENT, jina la mtengenezaji wa zamani wa Uingereza, na chini yake kuna tarakimu 1 6 40. Yeye anakusomea kuwa hizo ni kilo 164. Bei milioni 2.4, ukimbembeleza anashuka hadi 1.8. Kisha anakurushia picha za matangazo ya Marekani, ambako fuawe kuukuu kuitiwa dola 5 kwa ratili si ajabu, yaani kama dola 11 kwa kilo. Sasa gawa milioni 1.8 kwa kilo 164: inakuja kama shilingi elfu 11 kwa kilo. Hapo unajiona umeokota dodo chini ya mwarobaini.

Kijana wa karakana jirani na yangu alishamtumia laki tatu za kishika uchumba, akaniomba nimsindikize kwenda kumalizia.

Cha kwanza kilichonikera ni zile tarakimu. Fuawe za Kiingereza za zamani hazikuandikwa kilo. Tarakimu ya kwanza ni mafungu ya ratili 112, ya pili ni robo za fungu hilo, yaani ratili 28 kila moja, ya tatu ni ratili zilizobaki. Kwa hiyo fuawe yenye 1 2 10 ina ratili 112 na 56 na 10, jumla 178, kama kilo 81 hivi. Robo nne zinakuwa fungu zima, ndiyo maana tarakimu ya kati haivuki 3, na ya mwisho haivuki 27. 1 6 40 haipo duniani. Aliyeiandika hajui alichokuwa anaiga. Halafu herufi zilikuwa zimetokeza nje, kama zilivyo kwenye kifuniko cha chemba ya maji taka, wakati Peter Wright halisi hugongwa mhuri ukazama ndani ya chuma.

Nikaomba ifunguliwe kwenye gogo. Akagoma, akasema ikifunguliwa "balansi" itaharibika. Tulivyoshikilia kwamba hatutoi hela, vijana wake wawili wakaibeba huku wanapiga soga. Kilo 164 hazibebwi na mtu anayepiga soga! Kwenye mizani ya chuma chakavu yadi ya pili yake ikasoma 61.

Rudini kwenye hesabu sasa. Milioni 1.8 kwa kilo 61 ni zaidi ya elfu 29 kwa kilo, ambayo ni kama bei ileile ya Marekani aliyokuwa anajifanya kaivunja. Uongo wote umekaa kwenye uzito. Na mizani ileile siku ile ilikuwa inanunua chakavu kwa shilingi 900 kwa kilo, kwa hiyo pale mbele yetu palikuwa na mzigo wa shilingi elfu 55.

Mtu atasema fuawe si chakavu, unalipia kazi itakayofanya. Kweli kabisa, na kazi yote iko usoni, pale nyundo inapotua. Fuawe nzuri nyingi za zamani zilikuwa na mwili wa chuma laini, juu yake likaunganishwa bamba la feleji lililokazwa kwa moto na maji. Bamba hilo ndilo unalolinunua. Tembea na gololi kubwa ya beringi na rula. Idondoshe kutoka sentimita 30: ikirudi 24 au zaidi, uso uko hai. Kasti tupu (chuma cha kumimina) inarudisha nusu au chini ya hapo, na nguvu yako inaishia humo humo kila unapopiga. Dondosha sehemu nyingi, kwa sababu uso unaweza kuwa mzima katikati na umekufa upande mmoja, hasa kama fuawe iliwahi kuungua au kuchomelewa. Ile ya jamaa ilirudisha sentimita 11. Tupa nayo iliuma usoni kama inakula shaba, wakati uso uliokazwa tupa inateleza tu. (Msijaribu tupa kwenye kile kidaraja kati ya uso na pembe (ncha iliyochongoka mbele), pale ni laini kwa makusudi, ni pa kukatia na patasi.)

Sumaku nayo ibebeni, ila jueni kazi yake. Kasti inanasa sumaku sawasawa na feleji, hivyo haikuambii chuma ni kipi. Inakuonyesha palipozibwa. Kingo mbili za fuawe ile zilikuwa bodifila ya magari chini ya rangi.

Mlio usiutegemee peke yake. Ukiigonga ikalia kama kengele ni dalili nzuri, lakini Fisher za Trenton, New Jersey, zina mwili wa kasti na uso wa feleji, hazilii kabisa na ni fuawe za kutamanika. Tena minyororo na gogo huzima mlio, ndiyo maana huyu bwana anafunga zake zote.

Bei ya haki mimi naitafuta hivi. Kasti tupu, bei ya chakavu na kidogo cha usumbufu, basi. Yenye uso hai, zungumzeni kwa kilo zilizosomwa na mizani, na hapo kulipa mara kadhaa ya chakavu si wizi. Kingo zilizomeguka kidogo zisiwatishe, wala zisishushe bei sana. Uso uliobonyea katikati, shusha. Uliosagwa upya ukawa kama kioo, uliza umesagwa kiasi gani, maana bamba lenyewe si nene na grenda halirudishi kilichotoka. Ukiona ufa kati ya bamba na mwili, hiyo ni chakavu, hata jina liwe la nani.

Usipoipata, kipande cha reli kilichosimamishwa wima kinamshinda huyu bwana mara kumi, kwa sababu uzito wote unakaa chini ya nyundo. Ila kiwe na risiti. Reli ni mali ya umma, na kukutwa nayo bila maelezo ni kesi ya kwako, si ya aliyekuuzia tu.

Laki tatu za kijana hazijarudi. Jamaa alisema ni "gharama ya kuhifadhi mzigo", kesho yake namba ikawa haipatikani. RB imefunguliwa. Wiki hii tangazo limerudi kwa namba nyingine, picha ileile, safari hii anajiita yuko Morogoro. Kama nawe ulimtumia hela, usifute ujumbe wa muamala, nitumie ujumbe binafsi nikupe namba ya RB ukaunganishe malalamiko yako.