Kuwaleta kondoo joto pamoja: nunua nini kwanza, nini uache dukani

Uliza agroveti ya Nakuru mjini au Molo dawa ya kuwaleta kondoo joto, yaani hali ya kutaka dume, kwa pamoja, na muuzaji atakusifia ile aliyonayo kwenye rafu. Mwongozo huu ni wa wenye Dorper, Red Maasai au machotara wao, wanaotaka wana-kondoo wazaliwe ndani ya wiki moja au mbili badala ya kutapakaa mwaka mzima. Anayelenga soko la Krismasi, kwa mfano, kondoo wake wapandwe mwanzoni mwa Februari. Mimba huchukua siku kama 147 hadi 150, kwa hiyo watazaa mapema Julai, na Desemba wana watakuwa na miezi mitano.

Kondoo jike huja joto kila baada ya siku 17 hivi, na joto hudumu siku moja au moja na nusu. Yai likishatoka, pale lilipotoka kwenye ovari hubaki kivimbe kinachotoa projesteroni, na homoni hiyo huuzuia ubongo kuagiza yai jingine. Mimba isipoingia, tumbo la uzazi hutoa prostaglandini, kivimbe kinakufa, projesteroni inashuka na joto linarudi. Dawa utakazouziwa, karibu zote, ama huiga projesteroni kisha kuiondoa ghafla, ama huua kile kivimbe.

Nafasi ya kwanza: lishe na dume

Hata sindano haimo hapa, lakini ndipo pesa ya kwanza inapostahili kwenda. Mpapase kondoo mgongoni: mifupa ikichoma vidole, hayuko tayari, na hakuna homoni itakayomtengeneza. Wiki mbili tatu kabla ya kupandisha, waongezee pumba za ngano, mahindi yaliyoparazwa au majani ya viazi vitamu. Jike anayenenepa huachilia mayai mengi zaidi, na hapo ndipo mapacha hutoka.

Dume naye mtenge mwezi mzima, mbali, wasimwone wala kumnusa. Akirudishwa ghafla, majike waliokuwa wamenyamaza huachilia yai ndani ya siku mbili tatu. Yai hilo la kwanza mara nyingi halina dalili za joto, kwa hiyo wengi utawaona wakipandwa kati ya siku ya 17 na ya 25. Waliokuwa wakija joto kama kawaida hawashtuki sana. Kama wiki tatu za kuzaa hazikusumbui, ishia hapa.

Nafasi ya pili: sponji na sindano ya eCG

Hii ndiyo ya kununua ukitaka tarehe kamili. Sponji yenye dawa inayofanya kazi kama projesteroni huwekwa ukeni siku 12 hadi 14. Ikitolewa, kondoo hudungwa eCG, ambayo chupa nyingine huiita PMSG, homoni inayotokana na damu ya farasi jike mwenye mimba. Wengi huja joto ndani ya siku mbili.

Soma lebo: sponji za kondoo huwa na flugestoni au medroksiprojesteroni, na kifaa cha projesteroni cha kuweka ukeni mwa ng'ombe hakikatwi vipande ili kimtoshe kondoo. Kipimo cha eCG huwa kati ya yuniti 300 na 500, na daktari wa mifugo aliyesajiliwa ndiye wa kukiamua kwa uzito na aina ya kondoo wako. Ukizidisha utapata watoto watatu wanne dhaifu, na mama hana maziwa ya kuwatosha wote. Chupa moja huweza kutosha kondoo kadhaa na ikishachanganywa haikai, kwa hiyo nunueni na jirani mfanye siku moja.

Uzi wa sponji ukining'inia mrefu, wenzake watautafuna na kuivuta nje. Ukate ubaki mfupi lakini unaoshikika. Siku ya kuitoa, vuta polepole kuelekea chini. Maji yenye harufu mbaya yatafuata, usiogope. Mitamba ambao hawajawahi kupandwa waache, wanaumia. Gharama inayosahaulika ni madume: dume aliyezoea majike 30 au zaidi kwa msimu sasa atakabiliwa nao wote kwa siku mbili. Hesabu dume mmoja kwa majike watano hadi kumi, au gawa makundi.

Nafasi ya tatu: prostaglandini

Ni sindano mbili, zikiachana siku 9 hadi 11. Inavutia kwa sababu haina sponji wala uzi, lakini inafanya kazi kwa jike mwenye kivimbe kilichokomaa tu. Aliyenyamaza kwa njaa au kwa kunyonyesha hatashtuka. Mwenye mimba changa anaweza kuitupa, kwa hiyo kundi ambalo dume amekuwa akizunguka ndani yake usilidunge. Dawa hii hupenya ngozi: vaa glavu, na mwanamke mjamzito au mwenye pumu asiishike kabisa.

Usinunue: kipandikizi cha melatonini

Huko Uingereza au New Zealand kina maana, kwa kuwa kondoo wa huko husubiri siku zifupike ndipo waje joto, na melatonini, homoni ambayo mwili huitoa gizani, huudanganya mwili kwamba usiku umerefuka. Nakuru iko karibu kabisa na ikweta. Mchana wa Juni na wa Desemba hautofautiani kwa dakika za maana, na Dorper na Red Maasai huja joto mwaka mzima mradi wameshiba na hawana minyoo.