TAHADHARI: Fomu za "ruzuku ya watoto walemavu" zinazouzwa Busia, Tororo na Mbale

Wazazi wenzangu, hasa ninyi wa Busia, Tororo na Mbale hapa Uganda mashariki, someni hili kabla hamjatoa hata shilingi.

Kuna mama mmoja nadhifu, msemaji mzuri, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Anapita kwenye nyumba zenye watoto wenye mtindio wa ubongo, kichwa maji na mgongo wazi. Nani anamwelekeza sijui, maana anafika mlangoni akimjua mtoto kwa jina. Anasema serikali imetoa milioni 5 kwa kila mtoto mwenye ulemavu, orodha inafungwa Ijumaa, na fomu ni elfu hamsini. Ukishalipa, anapiga simu: faili limefika Kampala lakini limekwama, tuma elfu themanini za kulisukuma. Jirani yangu aliuza mbuzi apate hizo za kusukuma. Sasa simu ya yule mama haipatikani.

Uongo wake unaingia kwa urahisi kwa sababu umepandwa juu ya kweli. Ruzuku ya watu wenye ulemavu ipo, ni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na hiyo milioni 5 ipo pia. Lakini ni kiwango cha juu cha kikundi kizima. Hakuna mtoto mmoja anayepewa peke yake. Sisi wazazi na walezi tunaruhusiwa kuwa wanakikundi, kikundi kinaandika mpango wa mradi, CDO (afisa maendeleo ya jamii) wa kaunti ndogo anakikagua, faili linapanda wilayani na wizarani, na pesa ikitoka inaingia akaunti ya benki ya kikundi. Haipiti kwenye simu ya mtu, na fomu haiuzwi. Inachelewa, nakubali, na CDO mwenyewe mara nyingine humkuti ofisini. Hapo ndipo bafere, yaani matapeli, wanapopatia wateja.

Akikutajia PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, jua pia kwamba asilimia 10 ya fedha za kila parishi ni za watu wenye ulemavu, ila ile milioni 1 ni mkopo wa kupitia SACCO, una riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Anayesema ni zawadi anakudanganya.

Kwa wengine anauza ahadi ya kiti cha magurudumu. Anampiga mtoto picha, anachukua "pesa ya usafiri kutoka bandarini", basi. Hebu jiulizeni, kiti kinapimwaje kwa picha? Mtoto asiyeweza kushikilia shingo anapimwa nyonga, mapaja, urefu wa mgongo, anawekewa mikanda na mahali pa kuegemeza kichwa. Kiti kisichomfaa kinampa vidonda na kumpindisha mgongo. Kituo cha watoto wenye ulemavu cha Katalemwa Cheshire Home kule Kampala, au hospitali ya CoRSU pale Kisubi, wanataka wamwone mtoto mwenyewe kwanza.

Na hizo picha ndizo zinazoniudhi kuliko hata pesa. Anataka mtoto apigwe akiwa chini, udongoni, nguo zimechanika, na mmoja aliambiwa amvue mwanawe shati "ili wafadhili waone". Mradi gani wa serikali unahitaji mtoto aonekane amechafuka? Picha ya namna hiyo ni ya kuombea pesa kwa wageni mtandaoni, na wewe hutaiona hata senti. Mkatalie, hata akinuna.

Waliokwisha kulipa: msifute ujumbe wa malipo. Piga simu kwa kampuni ya mtandao wako mara moja uombe muamala uzuiwe, kisha nenda polisi na ujumbe huo. Kama ulimwonyesha namba yako ya siri, ibadilishe leo. Kama alichukua nakala ya kitambulisho chako cha taifa, mwambie polisi aiandike pia, maana mtu anaweza kukopa kwa jina lako. Kwa jambo la picha za mtoto, piga 116, Sauti, laini ya msaada kwa watoto, ni bure.

Baba zetu wenyeviti wa LC1 (baraza la kijiji), tunawaomba: mgeni akija kuandikisha watoto kijijini, aonyeshe kwanza barua kutoka kwa CDO, nanyi mpigie CDO kuhakikisha kabla hajaingia nyumba ya mtu.

Mwenye namba ambazo mama huyo alipokelea pesa anitumie kwa faragha, msiziweke hapa. Tunazikusanya tuzipeleke kituoni pamoja, maana malalamiko ya mtu mmoja ya elfu hamsini yanaachwa mezani.