Mgonjwa wa homa: mwarobaini au supu ya mgebuka?

Hapa Kigoma mtu akilala na homa, jirani mmoja huleta majani ya mwarobaini, mwingine huleta mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, akiwa mbichi kutoka mwaloni Kibirizi. Wote wanaleta kwa upendo, lakini mimi nachagua samaki.

Mwarobaini ni mchungu, na anayetapika hauwezi. Kipimo chake nacho ni cha kukisia: kikombe cha nyumba hii si cha nyumba ile. Mjamzito asiunywe, mtoto mchanga asipewe kabisa. Wala hauchukui nafasi ya kupima malaria na kumeza dawa mseto.

Supu nayo haitibu malaria, ila inamrudishia mgonjwa maji, chumvi na protini. Chemsha mgebuka kwa nyanya, kitunguu na tangawizi, moto mdogo. Mawese yasubiri, maana humkinaisha mwenye kichefuchefu. Kamulia ndimu mwishoni. Harufu yake huamsha hamu ya kula. Aanze na mchuzi, kidogo kidogo, kisha minofu iliyotolewa miiba vizuri. Akipata nguvu, ongeza ugali laini wa muhogo.

Akishindwa kabisa kunywa, au akianza kupoteza fahamu, acha sufuria jikoni, mkimbize hospitali.