Bangili ya chipu kazini: tathmini kutoka hoteli moja ya Malindi

Bangili ninayoitathmini hapa ni ya mpira laini wa silikoni, rangi ya buluu, yenye chipu ndogo iliyofichwa ndani yake, na kazi yake ni kumtambulisha mfanyakazi getini bila kutia sahihi wala kuweka kidole. Hoteli ninayofanyia kazi, iliyo ufukweni hapa Malindi, iliinunua pamoja na visomaji na programu yake kabla ya msimu wa wageni kuanza. Mimi, nikiwa msimamizi wa wahudumu wa vyumba na dobi, ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kuwagawia watu na kuyasikiliza malalamiko yao. Naandika kwa ajili ya mameneja na wasimamizi wenzangu wa Malindi na Watamu, ambao bila shaka wanafuatwa na wauzaji wa vifaa vya aina hii, na uamuzi wangu nautanguliza: bangili yenyewe ni nzuri, programu inayokuja nayo inahitaji kupunguzwa makali, na lile ambalo muuzaji wetu aliliita hatua ya pili, yaani chipu ya kupandikizwa chini ya ngozi, lisikubaliwe hata likitolewa bure.

Kabla ya bangili tulikuwa na mashine ya alama za vidole, na aliyewahi kusimama kwenye foleni yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi anaijua adha yake. Watu wa dobi, ambao mikono yao hushinda ndani ya sabuni na jiki, mistari ya vidole vyao imefifia, hivyo mashine ilikuwa ikiwakataa mara kwa mara huku wenzao nyuma wakinung'unika. Mpishi aliyejikata kidole naye ilimbidi amtafute karani ili aandikwe kwa mkono. Mtu alifika mapema, akahesabiwa kuwa amechelewa, na mwisho wa mwezi akakatwa. Kwa bangili shida hiyo imekwisha: unapitisha mkono mbele ya kisomaji, taa inakuwa ya kijani, unaingia. Mkono uwe umelowa maji au umejaa unga wa ngano, haidhuru. Bangili moja ilitugharimu kama shilingi 400, na haina betri ya kuchaji wala ya kubadilisha, kwa sababu chipu ya namna hii hupata nguvu yake kutoka kwenye mawimbi ya redio ya kisomaji chenyewe pale inaposogezwa karibu, sentimita chache tu.

Wasiwasi hata hivyo ulianza kabla bangili hazijavaliwa. Muuzaji, katika kuisifia bidhaa yake mbele ya wakuu wa idara, alituonyesha kwenye kompyuta picha ya mkono unaochomwa sindano nene kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, akasema huko ndiko dunia inakoelekea na bangili ni mwanzo tu. Sijui alitarajia tupige makofi. Kufikia saa ya chakula cha mchana, picha hiyo, iliyonaswa na mmoja wetu kwa simu, ilikwishafika jikoni, bustanini na kwa walinzi, ikiwa na maelezo ambayo muuzaji hakuyasema kabisa. Wapo waliodai kwamba chipu huzungumza na mitambo ya Wataliano kule Ngomeni, ambako kweli kipo kituo cha anga cha Luigi Broglio, na ambako setilaiti zilirushwa kutoka jukwaa la baharini la San Marco kati ya 1967 na 1988. Wengine walisema hii ndiyo alama ya mnyama iliyotajwa katika kitabu cha Ufunuo.

Dai la Ngomeni lilikuwa na jibu jepesi. Chipu isiyo na betri, inayosomwa kwa kukaribia kugusana na mashine, haiwezi kusikika hata ng'ambo ya bwawa la kuogelea, sembuse angani. Haimfuati mtu nyumbani kwake, bali huacha alama pale tu anapopita mbele ya kisomaji kilichowekwa na mwajiri. Dai la pili si la kujibiwa kwa kicheko, hasa katika kaunti hii. Wakati serikali ilipokuwa ikiandikisha watu kwa Huduma Namba, yaani namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, mwaka 2019, yalihubiriwa Malindi mahubiri ya kuifananisha namba hiyo na alama ya mnyama, na tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ya waumini wanaodaiwa kuhimizwa na mhubiri wao wafunge kula hadi kufa imefukuliwa katika msitu wa Shakahola. Mtu anayeogopa kitu kwa imani yake hapozwi kwa kuambiwa kwamba hakijui kitu hicho. Mhudumu mmoja wa vyumba alipokuja kwangu faraghani na kusema hataivaa, nilimpa kadi ya mfukoni yenye chipu ya aina ile ile, akaipokea bila neno zaidi. Kwake, kadi ni chombo cha kazi, ila kinachofungwa mwilini ni jambo jingine. Ushauri wangu kwa mnunuzi yeyote ni aagize kadi kadhaa pamoja na bangili, kwani kisomaji kinazisoma zote.

Ile picha ya sindano nayo haikuwa ya kubuni. Mwaka 2017 kampuni ya Three Square Market ya River Falls, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, iliwaalika wafanyakazi wake wapandikizwe chipu yenye ukubwa wa punje ya mchele ili waweze kufungua milango, kuingia kwenye kompyuta na kulipia vitafunwa vya mashine kwa kupunga mkono. Wapatao 50 walikubali, na kampuni ikalipa dola 300 kwa kila mmoja. Chipu zilitoka kwa Biohax, kampuni ya Sweden, nchi ambayo tayari jengo la ofisi la Epicenter jijini Stockholm lilikuwa likiwapandikiza watu wake waliotaka. Nyuma zaidi, mwaka 2006, kampuni ya CityWatcher ya Cincinnati iliwawekea wafanyakazi wawili chipu za VeriChip mkononi ili waweze kuingia katika chumba chenye rekodi za kamera. VeriChip ilikuwa imeidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa matumizi ya hospitali, na mwaka 2010 ikaacha kuuzwa. Huko kote ilisemwa kwamba ni hiari. Lakini neno hiari linapotoka kinywani mwa anayekulipa mshahara huwa na uzito wake, na sishangai kwamba Wisconsin yenyewe ilikuwa na sheria tangu 2006 inayokataza mtu kulazimishwa kupandikizwa chipu, na kwamba California ilifuata mwaka 2007.

Aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko muuzaji na kuliko mimi ni mzee mmoja wa dobi, ambaye ameona mameneja wengi wakija na kuondoka. Aliigeuzageuza bangili kiganjani, akaivuta, akaivaa, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hii nikifika nyumbani naivua, naitundika msumarini. Hiyo ya kwenye ngozi nitaitundika wapi?" Kijana aliyekuwa akipiga pasi akadakia kwamba mbwa wa Wataliano ndio wenye chipu ya ngozini. Ni kweli tupu, maana mbwa haingii Ulaya bila chipu, na wageni wengi wenye nyumba hapa mjini huja na kurudi na mbwa wao. Watu walicheka, mzee hakucheka. Alisema babu yake alivaa kipande.

Hapo ndipo nilipoona kwamba suala la kuvua na kuvaa halitoshi peke yake. Kipande cha wakoloni, kilichoanza kutumika Kenya mwaka 1920, kilikuwa cheti chenye alama za vidole na habari za waajiri, kikitiwa ndani ya kikebe cha bati na kuning'inizwa shingoni mwa kila mwanamume Mwafrika wa umri wa miaka 16 na zaidi. Kilikuwa kinavulika kama bangili yoyote, ila aliyekutwa bila hicho alishitakiwa, na aliyeiacha kazi kabla mwajiri hajatia sahihi ya kumruhusu alisakwa kwa namba yake. Kwa hiyo tunapoipima bangili hatuna budi kuuliza pia anapatwa na nini mfanyakazi aliyeivua.

Kwa kipimo hicho programu ya muuzaji wetu ilikuja na makosa mawili makubwa. La kwanza, ilipangwa kwamba mtu asiyesomwa na kisomaji hakuwapo kazini, basi. Aliyesahau bangili nyumbani Maweni na kulipia bodaboda ili awahi zamu, akafanya kazi mpaka jioni mbele ya macho ya kila mtu, alihesabiwa kuwa hakufika. Ilitubidi turudishe daftari la getini, lile lile tulilotaka kuliondoa, na kuamua kwamba sahihi ya mlinzi na ya msimamizi ina nguvu kuliko mashine. La pili ni baya zaidi. Katika vifurushi vya visomaji tulikuta viwili zaidi ya mahitaji yetu, na fundi aliyetumwa na muuzaji akavifunga mlangoni mwa vyoo vya wafanyakazi na kwenye ujia wa chumba chao cha kulia, akituambia ni zawadi. Wiki hiyo hiyo programu ikaanza kutoa ripoti yenye dakika ambazo kila mtu amekaa chooni, kwa jina lake, ikiwapanga kuanzia mkaaji mno hadi anayewahi kutoka. Dada mmoja mjamzito alikuwa wa kwanza katika orodha. Niliisoma mara moja, nikampelekea meneja, na kwa bahati alikuwa mtu mwenye haya: visomaji viwili vile viling'olewa siku iliyofuata. Lakini fikirieni hoteli ambayo meneja wake angeifurahia.

Mwakilishi wa wafanyakazi alipouliza kumbukumbu hizo zinahifadhiwa wapi, muuzaji alijibu kwamba ziko "mahali salama", jibu ambalo lisingekubaliwa hata na mtunza stoo wetu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya habari za mtu amweleze anazikusanya kwa kusudi gani, asikusanye zaidi ya kusudi hilo, na azilinde. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inaweza kumtoza mvunjaji faini ya hadi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka, kwa kuchukua kiasi kilicho kidogo. Ibara ya 31 ya Katiba nayo inalinda faragha ya kila mtu, na Januari 2020 Mahakama Kuu iliizuia serikali yenyewe isikusanye vinasaba wala kunasa mahali anapoishi mtu kwa ajili ya Huduma Namba. Ikiwa serikali iliambiwa isipite mpaka, hoteli ni nani? Baada ya barua mbili, muuzaji alikubali kumbukumbu zetu zihamishiwe kwenye kompyuta ya ofisi ya wafanyakazi na zifutwe baada ya mishahara kulipwa na malalamiko kuisha. Tulilipia huduma hiyo, jambo ambalo bado linaniudhi, kwa sababu lilipaswa kuwamo katika mkataba tangu mwanzo.

Nirudi kwenye ile hatua ya pili, kwa kuwa muuzaji hajaacha kuitaja. Hata nikiweka kando heshima ya mtu na imani yake, nikaitazama chipu ya ngozini kama bidhaa tu, ni bidhaa mbovu kwa hoteli. Haina kazi yoyote ya ziada kwetu ambayo bangili haifanyi. Bangili ikiharibika nabadilisha kwa dakika mbili, ilhali ya ngozini inahitaji wembe na mganga. Haina usalama wa kipekee pia, kwani mwaka 2006 mtafiti Jonathan Westhues alionyesha kwamba namba ya VeriChip inaweza kunakiliwa na kuigizwa na kifaa kingine, na mtu hawezi kuambiwa abadilishe mkono kama anavyobadilisha nywila. Na zaidi ya yote, hoteli za Malindi huishi kwa msimu. Masika yakiingia wageni hupungua, baadhi ya hoteli hufunga milango, na nusu ya watu wangu hurudi Ganda, Kakoneni au Marafa kulima, wengine wasirudi tena kwetu bali waajiriwe Watamu au Kilifi. Bangili wanaiacha mezani kwangu, natia alama kwenye orodha, tunaagana. Chipu ya ngozini ingeondoka nao, nayo ni mali ya mwajiri ambaye hawafanyi tena kazi kwake, na sijapata bado kumsikia muuzaji akieleza ni nani angelipia kuitoa.

Kuhusu uimara: bangili zimevumilia klorini na jua, ila vifungo vya plastiki vya zile za saizi ndogo hukatika upesi, kwa hiyo wanawake wenye mikono myembamba wapewe za kukaza zisizo na kifungo. Visomaji ndivyo dhaifu. Kile cha geti la ufukweni kililiwa na chumvi ya upepo wa kusi hadi skrubu zikabaki kutu tupu, na fundi akasema dhamana haihusu kutu, kana kwamba alidhani anauzia hoteli ya Nyahururu. Anayenunua adai visomaji vyenye kasha lisilopenya maji, ahesabu idadi yake kabla fundi hajaanza kutoboa ukuta, na aone kwa macho yake ni nani mwenye nywila ya kufungua ripoti. Kwetu sasa wanayo watu wawili, karani wa mishahara na mwakilishi wa wafanyakazi, na kila mmoja huifungua mwenzake akiwapo.